Gari la zamani likichemsha, uliza kwanza linachemsha wakati gani

Gereji yangu iko Ilula, mkoani Iringa, pale unapopata tambarare baada ya kumaliza Mlima Kitonga ukitokea Morogoro. Magari yanayochemsha ni kazi yangu ya kila wiki. Yanaondoka Dar es Salaam vizuri, yanapita Mikumi, yanashuka Ruaha Mbuyuni kwenye joto la mibuyu, halafu yanaingia mlimani nyuma ya lori lenye shehena linalokwenda mwendo wa mtu anayetembea. Corolla 110, Carina, Mark II, Noah zile za kwanza: nyingi zinafika kwangu boneti ikiwa juu, na dereva tayari ameshashauriwa njiani. Mmoja kamwambia rejeta, inayopooza maji ya injini, imekufa; mwingine kamwambia ang'oe themostati, ile vali inayofungua njia ya maji kwenda kwenye rejeta injini ikipata moto, aitupe.

Mimi huanza na swali moja. "Pole, kaka. Lilianza kupandisha mshale likiwa wapi, na likifanya nini?" Jibu la swali hilo lina thamani kuliko spea yoyote utakayonunua siku hiyo, kwa sababu kila kifaa cha kupooza injini kina wakati wake wa kushindwa. Mwenye gari akijua kulijibu, nusu ya kazi imeshafanyika na hela yake haiendi kwenye rejeta ambayo haikuwa na kosa.

Lakini kabla ya uchunguzi, gari lisimame salama.

Kwenye Corolla na Toyota nyingi za umri wake, mshale wa temprecha ukishapata joto hutulia chini kidogo ya katikati na kubaki hapo hapo. Ukiuona umevuka katikati, jambo limeshaanza, usisubiri ufike kwenye nyekundu. Zima AC. Fungua hita mpaka mwisho wa joto na feni yake mpaka mwisho wa kasi, vioo vyote chini. Ni adha, hasa Ruaha Mbuyuni saa nane mchana, ila hita ni rejeta ndogo ya pili na inaweza kukupa muda wa kufika mahali pa kuegesha. Mshale ukigusa nyekundu, au ukiona mvuke, egesha hapo hapo na uzime injini. Kitonga ina kona kali na pembezoni ni pembamba, kwa hiyo weka pembetatu mbali nyuma ya gari, weka mawe kwenye matairi, na ukiondoka yatoe mawe yote barabarani. Pikipiki ya usiku hailioni jiwe.

Usifungue mfuniko wa rejeta. Naomba nieleze sababu, maana watu wakiambiwa "usifungue" bila sababu huwa wanafungua. Maji ya wazi huchemka kwenye nyuzi 100 yakiwa usawa wa bahari. Kila ukipanda mita 300 hivi, kiwango hicho hushuka karibu nyuzi moja, kwa hiyo Iringa mjini, kama mita 1,550 juu ya bahari, maji huchemka kwenye nyuzi 95 hivi. Injini yako inafanya kazi kwenye nyuzi 85 mpaka 95 siku ya kawaida. Kinachozuia maji yasichemke ni presha, na presha hiyo inashikwa na mfuniko. Angalia juu yake: mifuniko mingi ya Toyota za zamani imeandikwa 0.9, mingine 1.1. Presha hiyo inapandisha kiwango cha kuchemka kwa nyuzi ishirini hivi. Sasa ukifungua mfuniko injini ikiwa na nyuzi 110, presha inaondoka kwa mara moja, maji yanachemka ghafla na kuruka pamoja na mvuke usoni kwako. Nimewafunga watu vitambaa vya maji usoni kwa ajili hiyo, na wengine walikuwa madereva wa miaka mingi.

Subiri dakika 40 au zaidi, mpaka uweze kuubana mpira wa juu wa rejeta kwa kiganja bila kuungua na uuone umelegea. Ndipo uweke kitambaa kizito, uzungushe mfuniko hatua ya kwanza tu, usikilize, kisha umalizie. Na usimwage maji baridi juu ya injini ya moto wala kuyajaza ghafla ndani. Hedi ya Corolla 110, yaani kichwa cha injini, ni aluminiamu, bloku iliyo chini yake ni chuma. Vitu viwili vinavyotanuka na kusinyaa tofauti. Hapo ndipo hedi hupinda au kupata ufa.

Kuna jambo moja zaidi la barabarani: mshale ukipanda juu kabisa halafu ukashuka wenyewe ghafla huku injini haina nguvu, usishukuru. Maji yameisha, na sensa imebaki hewani haina cha kupima. Zima.

Sasa turudi kwenye swali.

Linachemsha ukiwa kwenye foleni au ukisimama unanguruma, lakini ukishika barabara ya wazi kilomita 80 kwa saa mshale unashuka? Hilo ni tatizo la upepo. Likikimbia linapata upepo wa bure, likisimama linategemea feni. Nenda kwenye feni kabla ya kitu kingine.

Linatulia mjini lakini linachemsha kwenye mlima mrefu au mwendo wa kasi? Hapo maji hayazunguki ya kutosha au rejeta haitoi joto la kutosha: rejeta imeziba, wota pampu inayosukuma maji imechoka, mkanda unateleza, themostati inafunguka nusu, mpira wa chini unajibana. Magari mengi ya Kitonga yako kwenye kundi hili.

Linachemsha ndani ya dakika chache tangu uwashe asubuhi, hata hujatoka nyumbani? Themostati imekwama ikiwa imefunga, au maji hayapo, au gasketi ya hedi, inayoziba kati ya hedi na bloku, imeungua.

Mshale unapanda, unashuka, unapanda, na hita inatoa joto kisha baridi? Kuna hewa ndani. Swali litakalofuata ni hewa hiyo imeingia wapi.

Ukiwa na jibu hilo, fanya ukaguzi asubuhi, injini ikiwa imelala usiku kucha. Mfuniko sasa uufungue. Maji yafike shingoni mwa rejeta. Chupa ya akiba ikiwa imejaa lakini rejeta imepungua, mfuniko haurudishi maji. Mfuniko una vali mbili, moja ya kushika presha na nyingine ndogo katikati inayoruhusu maji yavutwe kutoka kwenye chupa injini inapopoa. Vuta hiyo ndogo kwa kucha: inapaswa kufunguka na kurudi. Ikikwama, utaona mpira wa rejeta umenywea asubuhi. Raba ya mfuniko ikiwa imepasuka au imekakamaa, badilisha mfuniko kwa wenye namba ile ile. Usiongeze namba kwa kudhani utapata nguvu zaidi. Utapasua mipira na matenki ya plastiki. Mfuniko ni spea ya bei ndogo kuliko zote kwenye mfumo huu, na mara nyingi hakuna aliyeuangalia tangu gari liletwe nchini.

Tazama rangi ya maji. Kutu ya kahawia maana yake gari limekuwa likiongezwa maji ya bomba kwa muda mrefu. Rangi ya chai ya maziwa yenye uwaridi kwenye gari la otomatiki ni habari mbaya ya aina yake: oili ya giaboksi hupozwa ndani ya tenki la rejeta, na ukuta wa kati umetoboka. Gari hilo lisiendeshwe hata kidogo, maana maji nayo yameingia giaboksi.

Kisha mkanda. Kwenye injini ya 5A-FE ya Corolla 110, wota pampu huzungushwa na mkanda wa nje, ule ule unaozungusha altaneta inayochaji betri. Kwa hiyo taa ya betri ikiwaka huku temprecha inapanda, usipoteze muda: mkanda umekatika au umelegea. Ubonyeze kwa kidole gumba katikati. Ukizama zaidi ya sentimita moja hivi, ukaze. Ukiwa unang'aa kama kioo pembeni, utateleza hata ukikazwa. Chini ya pampu kuna kitundu kidogo. Kikiwa na ukoko mweupe au wa waridi, sili imeanza kupitisha maji. Shika puli utikise. Ikicheza, pampu haina maisha.

Angalia pia mbele ya rejeta, kati yake na kondensa ya AC. Magari yanayopita Mikumi na Ruaha hukusanya wadudu, mbegu za nyasi na vumbi mpaka katikati panakuwa zulia. Kutoka nje huoni kitu, kondensa inaficha. Legeza vishikizo vya juu vya rejeta, isogeze nyuma kidogo, umulike. Uoshe kwa maji ya presha ndogo kutoka upande wa injini kwenda mbele, yaani kinyume na uchafu ulivyoingia. Ile mashine ya kuoshea magari ikikaribia sana inalaza mapezi yote ya rejeta, na hapo umejifungia upepo mwenyewe.

Kupima feni ya umeme ni rahisi. Washa injini na AC: feni zinapaswa kuzunguka. Zisipozunguka, angalia fyuzi na rilei (swichi inayoendeshwa na umeme), halafu ipe mota ya feni umeme wa moja kwa moja kutoka kwenye betri kwa nyaya mbili. Ikizunguka, mota ni nzima na kosa liko kwenye nyaya, rilei au swichi. Kwenye Corolla nyingi za miaka ya 1990 swichi ya temprecha ya feni hufanya kazi kinyume na wengi wanavyodhani: injini ikiwa baridi inaunganisha, na maji yakifika nyuzi 93 hivi inakata, na kule kukata ndiko kunakoamrisha feni. Kwa hiyo ukichomoa plagi ya swichi hiyo ufunguo ukiwa ON, feni inapaswa kuanza. Ikianza kwa kuchomoa lakini haianzi kwa joto, umempata mkosaji: ni swichi. Sio mota, wala rejeta.

Ukishaona feni inazunguka, weka karatasi mbele ya rejeta. Inapaswa kuvutwa na kunata. Nimekuta feni za mtumba zilizofungwa nyaya zimegeuzwa, zinapuliza upepo kwenda mbele. Gari likisimama unaona feni inazunguka vizuri tu, na likikimbia feni inapigana na upepo wa barabara. Na lile duara la plastiki linalozunguka feni, usilitupe hata kama limevunjika sikio. Bila hilo feni inavuta hewa ya pembeni yake tu, sehemu kubwa ya rejeta haipati kitu.

Kwa Mark II, Hilux na magari yenye feni inayozungushwa na injini, kitu cha kupima ni klachi ya feni, kile kiungo kinachoiunganisha feni na injini. Injini ikiwa imepata moto kisha ikazimwa, zungusha feni kwa mkono. Inapaswa kuwa nzito. Ikizunguka kwa wepesi, ile oili nzito ya ndani imevuja na klachi imekufa. Wapo wanaoikaza kwa boliti isiteleze kabisa. Inapooza, lakini inakula mafuta, inapiga kelele na kuchosha beringi ya pampu. Tafuta klachi nzima.

Rejeta yenyewe ipime ikiwa ya moto na injini imezimwa, ufunguo umetolewa kabisa, kwa sababu feni ya umeme inaweza kuwaka yenyewe ikakata vidole. Pitisha kiganja karibu na uso wa rejeta upande wa injini. Joto linapaswa kubadilika taratibu kutoka upande maji yanakoingia kwenda yanakotokea. Ukikuta viraka vya baridi katikati ya joto, mirija ya hapo imeziba. Rejeta ya kopa inaweza kufunguliwa, kuchokonolewa na kuchomelewa tena kwa risasi, na fundi rejeta mzuri anairudisha hai. Ya aluminiamu yenye matenki ya plastiki haikubali kazi hiyo, badilisha. Ukishafika hapo, waza pia maji uliyokuwa unatumia. Maji ya visima vya maeneo kama Dodoma yana chumvi nyingi, na chumvi hiyo inabaki ndani ya mirija kama ukoko ulioko chini ya birika.

Mpira wa chini hukaguliwa injini ikiwa ya moto. Mtu akanyage mafuta mpaka mizunguko 3,000 kwa dakika wewe ukiutazama. Ukinywea, pampu inavuta kupitia mpira uliolegea au rejeta iliyoziba. Baadhi ya mipira ina springi ndani ya kuizuia isinywee, na springi hiyo huoza kwa kutu na kutoweka bila mtu kujua.

Sasa themostati, jambo linaloniuma zaidi kwenye kazi hii. Kusema kwamba nchi zetu ni za joto hivyo themostati haihitajiki ni kosa, na limeua injini nyingi. Themostati ya Toyota nyingi za wakati ule ina kisahani cha pili upande wa nyuma. Ikifunguka kuruhusu maji yaende kwenye rejeta, kisahani hicho kinafunga njia ya mkato ambayo maji huitumia kurudi kwenye injini bila kupoozwa. Ukiing'oa, njia ya mkato inabaki wazi daima. Mjini hutaona tofauti. Kitonga utaiona, kwa sababu sehemu ya maji ya moto inazunguka ndani ya injini bila kuiona rejeta. Juu ya hayo, mshale ukikaa chini muda wote, injini inakula mafuta zaidi na huwezi kuona dalili za ugonjwa mwingine.

Kuipima ni dakika kumi. Itoe, iangalie: imeandikwa 82. Itundike kwa uzi ndani ya sufuria ya maji isiguse chini, weka jikoni na kipimajoto. Inapaswa kuanza kufunguka kati ya nyuzi 80 na 84, na ikifika 95 iwe imefunguka milimita 8 au zaidi. Huku kwetu juu, maji ya sufuria yatachemka karibu na hapo hapo, kwa hiyo yakichemka bila yenyewe kufunguka, usiirudishe. Ukifunga mpya, kile kijitundu chenye kipini kinachocheza kikae juu, ndicho kinachopitisha hewa. Kumbuka pia kwamba kwenye 5A-FE themostati iko upande wa maji yanayorudi, mpira wa chini. Mpira wa juu kuwa moto hakuthibitishi kwamba imefunguka. Shika wa chini.

Tukimaliza hayo yote na gari bado linakula maji bila kuvuja popote, tunaingia kwenye gasketi ya hedi. Asubuhi, injini baridi kabisa, toa mfuniko, jaza maji mpaka shingoni, washa. Mapovu machache ya mwanzo ni hewa iliyobaki na huisha. Mapovu yasiyoisha, yanayoongezeka ukikanyaga mafuta, au maji yanayoruka nje ndani ya dakika ya kwanza, hiyo ni presha ya silinda inaingia kwenye njia ya maji. Dalili nyingine ni mpira wa juu kuwa mgumu kabla injini haijapata moto. Toa plagi zote za kuwashia injini uzipange: moja ikiwa safi isivyo kawaida kuliko wenzake, silinda hiyo inaoshwa na maji. Ipo pia dawa ya bluu inayowekwa kwenye kichupa juu ya shingo ya rejeta. Ikigeuka njano, moshi wa injini umeingia kwenye maji. Gereji yenye kifaa hicho, mlipe akupimie kabla hujakubali kufungua hedi.

Ute mweupe chini ya kifuniko cha oili usikutishe peke yake. Magari ya Njombe na Makambako, kwenye baridi na safari fupi, hupata ute huo kwa unyevu tu. Vuta kijiti cha oili. Kama oili ya kwenye kijiti nayo imekuwa ya maziwa, hapo amini.

Hedi ikifunguliwa, simama uone ikipimwa kwa rula ya chuma iliyonyooka na fila, vile vibamba vyembamba vya kupimia nafasi. Kwa injini hizi ukomo wa kupinda ni milimita 0.05. Kuweka gasketi mpya juu ya hedi iliyopinda ni kuitupa gasketi. Hedi hushikwa na boliti 10, zinakazwa kuanzia katikati kwenda nje, kwa hatua, kwa spana ya kupimia nguvu. Fundi asiye na spana hiyo aiazime.

Wala usiweke yai, manjano wala majani ya chai kwenye rejeta. Vinaziba tundu kwa siku kadhaa, kisha vinaziba rejeta ya hita, na kazi yako ya kwanza itakuwa kusafisha uji huo.

Kujaza maji kunahitaji utulivu. Kulanti (dawa ya rejeta) nusu na maji safi nusu. Maji ya mvua yaliyochujwa au maji ya betri yaliyosafishwa yanafaa, lakini soma chupa, kuna ya betri ambayo ni asidi. Inua pua ya gari kwa kulipandisha mteremkoni, fungua hita mpaka mwisho, jaza polepole, washa bila mfuniko, bana na kuachia mpira wa juu kutoa hewa, ongeza kadiri yanavyoshuka. Feni ikiwaka na kuzima mara mbili na hita ikitoa joto lisilokatika, funga mfuniko.

Halafu ulijaribu kwenye kazi ngumu. Mimi hulishusha mpaka chini ya Kitonga na kulipandisha tena, na kama ni otomatiki naweka gia ya 2 badala ya kuiacha D, ili injini izunguke kwa kasi na pampu isukume maji ya kutosha. Bandika kipande cha plasta kwenye chupa ya akiba pale maji yalipo injini ikiwa baridi. Kesho yake asubuhi yakiwa yameshuka kidogo, ni hewa ya mwisho imetoka. Ongeza hadi kwenye plasta. Keshokutwa yakishuka tena na chini ya gari ni pakavu, rudi kwenye kipimo cha mapovu kabla hujasafiri.